Kiatu cha sherehe kisikugharimu mguu

Alikuja kliniki Jumanne asubuhi, siku tatu baada ya harusi ya binti yake wa kwanza. Kucha zake bado zilikuwa na rangi ya sherehe. Nilimwamkia, akaitikia kwa furaha, akaanza kunisimulia jinsi ukumbi ulivyopambwa na jinsi kamati ilivyojituma. Hakuja kwa sababu ya mguu. Alikuja kwa miadi yake ya kawaida ya kisukari, ugonjwa alioishi nao kwa miaka 11.

Nilimwomba avue viatu, kama ninavyowaomba wagonjwa wangu wote wa kisukari. Soksi ya mguu wa kushoto ilikuwa imegandia kwenye kidole kidogo cha mwisho. Tuliilowanisha taratibu hadi ikaachia. Chini yake kulikuwa na kidonda kilichokaribia kufika kwenye mfupa.

"Lakini daktari, kile kiatu hakikuniuma hata kidogo," aliniambia. "Kingekuwa kimeniumiza, si ningesikia?"

Kiatu chenyewe kilikuwa zawadi ya binti yake. Cha rangi ya dhahabu, kimechongoka mbele, kinaendana na sare ya wazazi. Alikivaa saa tatu asubuhi kwenda kanisani, akapiga nacho picha, akacheza nacho ukumbini, akakivua saa sita usiku. Wiki tatu baadaye maambukizi yalikuwa yameingia kwenye mfupa na kidole kile kikaondolewa. Aliyelia zaidi alikuwa binti. Mama huyu ameniruhusu nieleze habari yake bila kumtaja jina, kwa sababu msimu wa harusi na mahafali hauishi, na viatu vya aina hiyo vinaendelea kununuliwa.

Maumivu ni mlinzi

Waswahili husema kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Kwa mgonjwa wa kisukari mwenye ganzi miguuni, msemo huu haufanyi kazi. Kitanda amekilalia yeye mwenyewe, na kunguni bado hawajui.

Sukari ikikaa juu kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, ikianzia kwenye vidole vya miguu na kupanda juu. Mwanzoni wengi huhisi kuchomwachomwa, au kama wanakanyaga pamba. Baadaye hawahisi kitu, na hapo ndipo baadhi yao hudhani wamepona. Wakati huohuo mishipa ya damu inaweza kuwa imesinyaa, hivyo kidonda kidogo hukosa damu ya kutosha kukiponya.

Aliyesaidia sana madaktari kulielewa jambo hili ni daktari wa upasuaji Paul Brand, Mwingereza aliyezaliwa India mwaka 1914. Akiwatibu wagonjwa wa ukoma katika mji wa Vellore, India, aliona kwamba vidole vyao havikuwa vikioza kwa ugonjwa wenyewe, kama watu wengi walivyoamini. Viliharibika kwa majeraha ya kila siku ambayo mgonjwa hakuyahisi: moto wa jikoni, mpini wa jembe, kiatu kinachobana. Baadaye alifanya kazi Carville, Louisiana, nchini Marekani, na ujuzi huo ukatumika pia kwa miguu ya wagonjwa wa kisukari.

Kuna jambo jingine ambalo wauza viatu hawalijui. Mtu mwenye ganzi mara nyingi huchagua kiatu kidogo kuliko mguu wake, kwa sababu kiatu kinachombana ndicho pekee anachokihisi. Kile kinachomtosha hukiona kinapwaya. Ndiyo maana swali la dukani, "Mama, kinakubana?", halimsaidii. Jibu lake haliaminiki, hata kama anajibu kwa ukweli.

Pima ganzi nyumbani

Kuna jaribio rahisi lililoanzia hospitali ya Ipswich, Uingereza, ambalo ndugu yako anaweza kukufanyia sasa hivi. Vua viatu na soksi, lala au kaa, funga macho. Ndugu akuguse kwa ncha ya kidole chake cha shahada, kwa wepesi, kwa sekunde moja au mbili, kwenye ncha za vidole vitatu vya kila mguu: kidole gumba, cha katikati na cha mwisho. Asibonyeze, asipapase, na asirudie. Kila ukihisi kuguswa, sema.

Jumla ni vidole sita. Usipohisi viwili au zaidi, miguu yako imepungua hisia. Usisubiri miadi ijayo. Nenda ukachunguzwe, na kuanzia leo usikiamini kiatu kwa sababu tu hakikuumi.

Nunua kwa kipimo, si kwa hisia

Nenda dukani jioni, kwa kuwa miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Kabla ya kutoka nyumbani, simama juu ya karatasi ngumu, uzito wote ukiwa miguuni, na mtu mwingine achore ukingo wa kila mguu akiwa ameshika kalamu wima. Kata michoro hiyo miwili uende nayo. Ukiingiza karatasi ndani ya kiatu ikajikunja pembeni, kiatu hicho ni chembamba kwako, hata kama namba ni yako. Namba hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda; mguu wako ni uleule.

Ukiwa umesimama, kati ya kidole chako kirefu kuliko vyote na ncha ya kiatu pabaki nafasi ya sentimita moja hadi mbili. Kumbuka kwamba kwa baadhi yetu kidole cha pili ndicho kirefu. Kama mguu mmoja ni mkubwa kuliko mwingine, nunua kwa kuufuata mkubwa.

Chagua kiatu cha mviringo au cha mraba mbele, chenye kina cha kutosha vidole visisuguliwe kwa juu. Kiwe na kamba au mkanda unaoweza kulegezwa, kwa sababu kiatu cha kuchomeka mguu tu, kama moka, lazima kibane ndipo kisivuke. Mchuchumio husukuma uzito wa mwili kwenda mbele ya wayo, mahali ambapo sugu na vidonda hupenda kuanzia. Kisigino kiwe kifupi, kisichozidi upana wa vidole viwili vya mkono, tena kipana.

Kwa wanaonunua mitumba, na wengi wetu tunanunua huko, ingiza mkono ndani upapase kila kona. Kiatu kilichovaliwa kimeshajikunja kufuata mguu wa mtu mwingine. Kikiwa kimelalia upande mmoja, au kina msumari, mshono uliotokeza au soli ya ndani iliyobonyea, kiache hata kama kinang'aa.

Kama umbo la mguu wako haliendani na viatu vya dukani, mtafute fundi viatu mzuri mapema, mwezi mzima kabla ya sherehe. Mpelekee karatasi zako. Fundi anaweza kukushonea kiatu cheusi cha ngozi laini, kipana, ambacho chini ya gauni refu au suruali ya suti hakuna atakayekitofautisha na kingine. Kwa anayevaa kanzu, makubazi ni vazi la heshima, lakini mwenye ganzi aepuke yenye kamba inayopita katikati ya vidole. Ashonewe yenye mikanda mipana na mkanda wa nyuma.

Si kisukari peke yake

Wapo wenye kifundo kilichotokeza pembeni mwa kidole gumba. Kiatu chembamba hukisugua na kukivimbisha, na ngozi laini isiyo na mshono mahali hapo husaidia sana. Wapo wenye jongo, ambao kiatu kinachobana kinaweza kuwaongezea maumivu ya kiungo ambacho tayari kimevimba. Wapo ndugu zetu, hasa wa ukanda wa Pwani, wenye matende. Wao wahitaji kiatu kinachofunguka kikubwa, na ngozi iliyooshwa na kukaushwa vizuri hadi kwenye mikunjo, kwa sababu mchubuko mdogo huweza kuingiza vijidudu na kuuongeza uvimbe.

Mjamzito ambaye viatu vimeanza kumkataa anunue vipana, lakini uvimbe wa ghafla wa uso na mikono, au unaoambatana na kuumwa kichwa au kuona maluweluwe, ni wa kukimbilia hospitali siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mguu mmoja unaovimba ghafla na kuuma, kwa mtu yeyote. Hilo si suala la kiatu.

Kwa wazazi

Mtoto akisema kiatu cha komunyo au cha mahafali kinambana, tusimwambie avumilie kwa kuwa ni siku moja. Yeye ana hisia kamili na anatuambia ukweli. Tusimnunulie bila kwenda naye. Asimame, atembee dukani, na pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba chako cha mkono mbele ya vidole vyake. Tusikimbilie pia kumnunulia kikubwa sana na kukijaza karatasi ili akivae hadi mwakani, kwa kuwa atajikwaa na kisigino kitachubuka.

Nina neno kwa mzazi wa mtoto aliyezaliwa na nyayo zilizopinda. Baada ya kufungwa plasta na mguu kunyooka, mtoto hupewa viatu maalumu vilivyounganishwa kwa chuma. Kwa miezi mitatu ya mwanzo huvivaa karibu saa 23 kwa siku, kisha wakati wa kulala hadi atimize umri wa miaka minne au zaidi. Nimeona vikivuliwa kutwa nzima ili mtoto apendeze siku ya ubatizo, kisha vikasahaulika kwa wiki, na mguu ukaanza kurudi ulikotoka. Mtoto abatizwe na viatu vyake vya tiba. Anapendeza navyo.

Siku yenyewe

Kiatu kipya kisivaliwe kwa mara ya kwanza siku ya sherehe. Kivae nyumbani nusu saa, vua, kagua mguu. Ukiona wekundu au mchubuko, kirudi kwa fundi au dukani. Ukiwa salama, ongeza muda kidogo kidogo kwa siku kadhaa.

Siku ya sherehe, papasa ndani ya kiatu kabla ya kuvaa. Vaa soksi safi isiyobana juu wala kuwa na mshono mnene. Beba jozi ya pili iliyozoeleka na ubadilishe baada ya ibada na picha. Ukumbini, nenda faragha mara moja au mbili ukaangalie miguu, au mwombe mwanao akuangalizie.

Najua kwamba muziki ukikolea wengi huvua viatu wakacheza pekupeku. Mwenye ganzi asifanye hivyo. Sakafu ya ukumbi ina vizibo vya soda na vipande vya glasi, naye atarudi nyumbani na kizibo kimezama kwenye wayo bila habari. Kwa anayevua viatu kuingia msikitini, aende navyo hadi mlangoni na avae soksi, kwani sakafu ya nje wakati wa adhuhuri inaweza kumuunguza asijue.

Usiku, kabla ya kulala, osha miguu kwa maji ya vuguvugu, kausha katikati ya vidole, kagua nyayo kwa kioo. Ukikuta lengelenge, usilipasue. Ukikuta kidonda, usikikande kwa maji ya moto, usipake majivu, dawa ya meno wala dawa ya kuondoa sugu. Kisafishe kwa maji safi, kifunike kwa kitambaa safi kikavu, uache kuukanyagia mguu huo, na uwe umefika kituo cha afya ndani ya siku moja. Kikiwa na harufu, usaha, weusi au wekundu unaosambaa, au ukipata homa, nenda saa hiyohiyo.

Kamati, legezeni sare

Mwisho niseme na kamati za harusi na watoto wa wazee wetu. Tunachagua rangi ya kitambaa, kilemba na hata kiatu, kisha tunamkabidhi mama wa miaka 60 bila kuuliza miguu yake ikoje. Naye, kwa kutotaka kuharibu siku ya mwanawe, hukivaa. Hatasema, na kama ana ganzi hana hata cha kusema. Sare iishie kwenye gauni na suti. Viatu kila mmoja achague kwa kipimo chake, na mzee mwenye kisukari apewe kiti karibu na jukwaa na asiambiwe asimame kwa kila wimbo.

Mwezi uliopita mama yule alirudi kliniki. Binti yake wa pili anaolewa mwakani. Safari hii walikuja wote wawili, na binti alikuwa na karatasi mbili mkobani zenye mchoro wa miguu ya mama yake. Aliniuliza fundi mzuri anapatikana wapi. Tulivipima pamoja, mguu wa kulia na wa kushoto, na tukakubaliana kiatu kishonwe kuanzia sasa.