Mpaka Usiomfunga Rafiki si Mpaka

Wapo ndugu zetu makanisani wanaotuhimiza tuige mfano wa Marekani. Husema kwamba huko Wakristo walijipanga, wakaingia katika chama kimoja, wakakifanya kitikie sala zao, na serikali ikapunguzwa nguvu ili watu wa Mungu wapate nafasi. Sisi twasema habari hiyo imesimuliwa nusu. Nusu iliyofichwa ndiyo inayowahusu waumini na wapigania mageuzi, nasi tunaieleza hapa bila kumung'unya maneno.

Wahafidhina wa Marekani hudai mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni serikali yenye mipaka, yaani serikali kuu itende yale tu iliyopewa na katiba, na mengine iyaachie majimbo, jamaa na makanisa. La pili ni kwamba sheria ilinde maadili ya dini. Madai hayo mawili huweza kukaa nyumba moja siku za amani. Siku ya mtihani moja humfukuza mwenzake.

Mtihani huo ulikuja Machi 2005. Terri Schiavo wa Florida alikuwa amelala kitandani miaka kumi na mitano, ubongo wake umeharibika. Mumewe alitaka mrija wa chakula uondolewe, wazazi wake wakakataa, na mahakama za jimbo zilikuwa zimekwisha kuamua. Chama cha Republican kilikuwa kimehubiri miaka mingi kwamba serikali kuu isiingilie mambo ya majimbo wala ya jamaa. Hata hivyo, viongozi wake waliliita bunge Jumapili ya Matawi, likapitisha usiku sheria iliyohusu kesi ya mtu mmoja. Rais George W. Bush aliondoka Texas akarudi Washington kuitia sahihi kabla ya mapambazuko. Mahakama za shirikisho zilikataa kuamuru mrija urudishwe. Jaji Stanley Birch, ambaye aliteuliwa na baba yake rais huyo, aliandika kwamba bunge na rais walikiuka mpango wa waasisi wa katiba.

Hatuwabezi wazazi waliomlilia binti yao. Tunauliza swali la sheria: ikiwa bunge laweza kuivuka mipaka yake leo kwa jambo tunalolipenda, ni nani atakayelizuia kesho kwa jambo tunalolichukia? Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mpaka unaowafunga wapinzani peke yao ni silaha ya aliye madarakani.

Na tusisahau ni nani walioudai mpaka huo hapo mwanzo. Katika jimbo la Connecticut, hadi mwaka 1818, kanisa la Congregational lilitegemezwa na sheria na kodi za umma. Wabaptisti wa Danbury hawakuwa wapagani. Walikuwa waumini waliochoka kuhesabiwa raia wa daraja la pili katika mambo ya ibada. Mwaka 1801 walimwandikia Rais Thomas Jefferson barua wakilalamika kwamba uhuru wao wa dini ulichukuliwa kuwa hisani ya serikali, hali ni haki yao. Jibu lake la tarehe 1 Januari 1802, lililozungumzia ukuta kati ya kanisa na dola, lilikuwa jibu kwa Wakristo walioomba ulinzi. Anayedai leo kwamba ukuta huo ulibuniwa na maadui wa dini hakusoma historia ya kanisa lake mwenyewe.

Hebu sasa tuangalie ndoa ya kanisa na chama. Mwaka 1979 mhubiri Jerry Falwell alianzisha Moral Majority, na mwaka uliofuata kundi hilo lilimuunga mkono Ronald Reagan. Kati ya waliosaidia kuliunda alikuwamo Howard Phillips. Mtu huyu alikwisha kuonja utamu wa madaraka akautema: mwaka 1973 aliondoka katika serikali ya Richard Nixon, kwa kuwa Nixon aliendelea kugharimia miradi aliyoahidi kuifuta. Baadaye Phillips aliona kwamba Republican huimba serikali ndogo wakati wa kampeni na kujenga serikali kubwa wakiisha kuapishwa. Akaanzisha Chama cha Walipa Kodi, kilichoitwa Chama cha Katiba tangu 1999, na akagombea urais mara tatu: 1992, 1996 na 2000.

Alivuna nini? Mwaka 2000 alipata kura zipatazo 98,000 kati ya zaidi ya milioni 100. Mwaka 2008 chama hicho kilimsimamisha mchungaji wa Kibaptisti, Chuck Baldwin, naye akapata takriban 199,000. Je, Wakristo wahafidhina walikuwa wachache hivyo? La hasha! Walizuiwa na hofu, na hofu hiyo imeundwa na sheria. Katika majimbo 48, aliye na kura nyingi, hata zisipofika nusu, huchukua wajumbe wote wa kumchagua rais. Ross Perot alipata kura zaidi ya milioni 19 mwaka 1992, karibu mmoja katika kila wapiga kura watano, na hakuambulia mjumbe hata mmoja. Tangu mwaka 2000, tume ya midahalo iliyoasisiwa na vyama viwili vikubwa ilimfungia mlango mgombea yeyote asiyefikisha asilimia 15 katika kura za maoni. Mwamba ngoma huvutia kwake.

Lakini haki ituelekeze kusema pia kwamba chama cha Phillips kilibeba mgogoro ule ule tumboni. Kilitaka serikali kuu ifungwe kamba za katiba, na papo hapo kikataka sheria za nchi zirudishwe katika misingi ya Biblia. Ni nani atakayeifasiri Biblia hiyo kwa niaba ya dola? Mkatoliki, Mbaptisti au Mkweka? Serikali iliyo ndogo kiasi cha kutogusa mfuko wa raia, lakini kubwa kiasi cha kuamua fasiri ya Maandiko, si ndogo hata kidogo. Wabaptisti wa Danbury wangeiogopa.

Watatujibu kwamba waliobaki ndani ya Republican walipata walichokitaka. Ni kweli, mwaka 2016 takriban wanane katika kila wazungu kumi wa kiinjili walimpigia kura Donald Trump, na Juni 2022 Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta hukumu ya Roe ya mwaka 1973 kuhusu utoaji mimba. Lakini soma na sura inayofuata. Julai 2024 chama hicho hicho kiliandika ilani mpya kikaondoa wito wa sheria ya taifa zima dhidi ya utoaji mimba, wito uliodumu humo kwa miongo. Viongozi wengine wa dini walinung'unika, kisha Novemba waumini wakapiga kura kama kawaida. Waende wapi? Asiye na pa kwenda hapandishi bei.

Sisi wa Kenya tunaijua hesabu hiyo. Mwaka ule ule wa 1992 upinzani uligawanyika, na Rais Moi akarudi Ikulu kwa takriban asilimia 36 ya kura. Katiba ya 2010 ilituponya kidonda hicho: rais sharti apate zaidi ya nusu ya kura, la sivyo kuna duru ya pili. Katiba hiyo hiyo iligawa madaraka kwa kaunti 47 na kuwafunga watawala kwa sheria ya haki. Lakini wakati wa kura ya maamuzi, viongozi wengi wa makanisa yetu waliipinga kwa ajili ya mahakama za kadhi na kifungu cha utoaji mimba, wakiungwa mkono na taasisi ya wanasheria iliyoasisiwa na mhubiri wa Marekani, Pat Robertson. Watu waliohubiri serikali yenye mipaka walipoletewa mipaka yenyewe, waliikataa. Asilimia 67 ya wapiga kura waliikubali.

Kwa hiyo, waumini wenzetu, tukiulizwa tuige nini kutoka Marekani, tujibu hivi: tuige barua ya Danbury, tusiige ndoa ya 1979. Kanisa liseme ukweli kwa kila chama, na lisiwe tawi la chochote. Mgombea akija madhabahuni na Biblia mkononi, tusimuulize anaamini nini peke yake. Tumuulize ni kifungu gani cha katiba atakachokubali kimzuie yeye mwenyewe, siku atakapokuwa na wingi bungeni na sisi tukimshangilia. Akikosa jibu, asipewe mimbari wala kura.