Usinitumie Mti Uliokatwa Matawi

Mwaka jana nilipata kazi ya mtandaoni iliyowafanya mabeshte wangu wanicheke: kuandika historia ya familia ya mzee mmoja wa Kanada ambaye babu zake walitoka Scotland. Alitaka kurasa arobaini za kuwatumia binamu zake wa mbali, wa Australia, New Zealand na Marekani. Mimi niliyeacha chuo nikawa karani wa ukoo wa watu nisiowajua.

Niseme ukweli, niliona wivu. Scotland walianza kusajili vizazi, ndoa na vifo kwa lazima mwaka 1855. Cheti cha kifo kinataja baba na mama wa marehemu, na mama anaandikwa na jina la kwao. Nyuma ya hapo kuna daftari za parokia. Hata majina yanakuongoza: kwa desturi, mvulana wa kwanza alipewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Mkikuyu akisoma hapo anajisikia nyumbani. Shosho yangu naye, kitambulisho kinasema alizaliwa tarehe 1 Januari. Karani alikuwa na haraka.

Tena wazee wa kanisa la Kipresbiteri kule hawakuwa na siri. Msichana akishika mimba bila ndoa wanamwita, wanambana mpaka amtaje mwanamume, na yote yanaandikwa. Mteja wangu alizipenda sana hizo kurasa. Bibi mmoja wa ukoo aliyezaa nje ya ndoa akapewa sura nzima, na mzaha juu yake. Kashfa ya miaka mia mbili ni utamu tu.

Kisha tukafika Jamaica.

Kaka ya huyo bibi alienda huko kusimamia shamba la miwa. Jina lake liko kwenye orodha za watumwa, akiwa mmiliki. Liko pia kwenye orodha ya fidia. Mwaka 1833 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukomesha utumwa na kutenga pauni milioni 20, si kwa watumwa, bali kwa mabwana zao. Chuo Kikuu cha UCL, London, kimeweka majina hayo mtandaoni, unatafuta bure. Na kwenye daftari la ubatizo nikakuta watoto wanne wenye jina lake, mama yao mtumwa.

Mzee akaniandikia: hiyo sura itoe, itawaudhi ndugu.

Ndugu gani? Si hao wa Jamaica pia ni ndugu? Akina Campbell wamejaa kule mpaka basi, na wengi wao wanatafuta babu kama yeye anavyotafuta, ila karatasi zao zinaishia kwa jina moja tu na umri, kama ng'ombe.

Ati ni mambo ya zamani. Mkopo wa kulipa hiyo fidia ulimalizika kulipwa 2015, mwaka niliofanya KCPE. Ati hakuna anayerithi hatia. Sawa, lakini mbona sifa zinarithiwa? Kurasa tano ziliandikwa kuhusu babu aliyepigana Culloden mwaka 1746, na mzee anamwongelea kama alikuwa jirani yake. Kama yule ni wako, na huyu wa miwa ni wako. Huwezi kuchagua babu kama nyanya sokoni, unabonyezabonyeza.

Najua hata sisi si watakatifu. Kwetu familia ya pili hujitokeza siku ya mazishi, na picha kwenye bahasha, na ajabu ni kwamba kila mtu alikuwa anajua. Lakini angalau wanafika, wanasimama karibu na kaburi, watu wanawaona. Watoto wa Jamaica hawakuwa na matanga ya kufikia. Mahali pao pa kusimama ni hicho kijitabu.

Nilimtumia faili mbili, moja kamili, nyingine bila ile sura. Alichukua fupi na kulipia kurasa thelathini na nne. Zile sita hakulipia, kwa hivyo bado ni zangu.