Mbwa Mwenye Milia wa Milima ya Kai

Katika kisiwa cha Honshu, kilicho kikubwa kupita visiwa vyote vya Japani, imo nchi ya milima ambayo zamani iliitwa Kai na siku hizi ni jimbo la Yamanashi. Mlima mmoja wa huko, Kitadake, wapita futi 10,000. Kwa sababu ya milima hiyo, mbwa wa wawindaji wa Kai hawakuchanganyika sana na mbwa wa mabondeni.

Mbwa huyu si mkubwa. Kimo chake begani ni kama nusu mita. Masikio yake husimama wima, na miguu yake ya nyuma ina nguvu za kupanda magenge. Lakini ajabu yake ni manyoya, maana yana milia kama ya chui milia. Tena mtoto huzaliwa hana mlia hata mmoja. Milia hutokea kidogo kidogo kadiri akuavyo, na mnunuzi asiyejua angedhani amedanganywa.

Kazi yake ni kuwinda kulungu, nguruwe mwitu, na kamoshika, mnyama wa milimani mfano wa mbuzi. Akimpata nguruwe, mbwa hodari hamrukii ovyo. Humzunguka na kumbwekea mpaka mwenye bunduki afike. Mkulima aliyepata kuyaona meno ya nguruwe aijua sababu.

Katika karne ya 19 mbwa wa kigeni waliletwa Japani kwa wingi, na watu wa mijini wakawadharau mbwa wao wa asili. Hata mwaka 1931 wapenzi wa mbwa wa Kai wakaunda chama cha kumlinda, na mwaka 1934 Serikali ikamwandika katika hazina za asili za taifa. Mwaka huo huo aliandikwa kamoshika pia, basi mbwa na windo lake wakahifadhiwa pamoja!

Kisha vikaja vita vya mwaka 1941 hata 1945. Chakula kikawa haba, na mbwa wengi wakauawa, ngozi zao zikatumika. Mbwa wa Kai walipona, na hata leo wengine hufuatana na wawindaji wa nguruwe. Mbwa wa Koshi, jamaa yao wa kaskazini, naye aliandikwa mwaka 1934 katika daftari lile lile. Leo hakuna hata mmoja.