Gredi ya sita, ngazi ya herufi: mpime mtoto kabla hujampa programu

Kwenye mikutano ya elimu huku Turkana kuna sentensi haikosi kusemwa: "Watoto wako nyuma, tuwaletee programu." Sawa, iletwe. Lakini programu gani, na ni ya mtoto yupi? Ukiuliza hivyo watu wanaangalia simu zao.

Hebu tuwaze darasa la gredi ya sita pale Kaikor, Turkana Kaskazini, upande wa mipaka ya Ethiopia na Sudan Kusini. Kuna msichana anasoma vizuri tu, shida yake ni hesabu za kugawanya. Nyuma yake kuna kijana wa miaka 15, amekuwa na mifugo misimu kadhaa, ukimwandikia b na d hajui ipi ni ipi. Wa tatu anasoma ukurasa mzima wa Kiswahili kwa sauti bila kukwama, ila ukimuuliza hadithi inasema nini, kimya. Si mjinga. Kwao wanaongea Kiturkana, na nusu ya maneno yale hajawahi kuyasikia nje ya darasa. Wa nne haoni ubao. Ripoti zao za shule zinasema kitu kimoja: chini ya matarajio.

Sasa hawa wanne ukiwapa kitabu kimoja cha "masomo ya ziada", umesaidia nani? Labda mmoja, na hata huyo ni bahati.

Kuna ufundishaji unaoitwa wa moja kwa moja. Mwalimu haachi mtoto abahatishe. Anasoma yeye kwanza, kisha darasa zima pamoja naye, kisha mtoto peke yake, na kosa linasahihishwa hapo hapo. Hatua ndogo ndogo, huvuki ya kwanza mpaka uiweze. Kuanzia mwaka 2015 Kenya iliutumia karibu mtindo huo kwenye Tusome, madarasa ya chini, kila mtoto na kitabu chake na mwalimu na mwongozo wa somo la kila siku. Tusome ilisaidia wengi, na tuseme ukweli, kabla yake watoto kadhaa waliinamia kitabu kimoja. Lakini somo la siku lilifuata kalenda ya muhula. Mtoto aliyehama na mifugo wakati wa kiangazi akirudi anakuta wenzake wako mbali, yeye aliachia mwanzo kabisa. Kalenda haimngoji.

Wanaosifu ufundishaji huu husahau sehemu moja muhimu. Mmarekani Siegfried Engelmann, aliyeuanzisha miaka ya 1960, programu zake huja na kipimo cha kuanzia. Huanzi ukurasa wa kwanza kwa sababu ni ukurasa wa kwanza, unaanzia pale mtoto anaposimama. Ukitoa kipimo hicho, kinachobaki ni mwalimu anayesoma mwongozo mbele ya watoto ambao hawako naye.

Na hili si geni kwetu. Uliyesoma chuoni au duksi unajua. Ustadhi hakuuliza una miaka mingapi. Aliuliza umefika wapi. Mtoto wa miaka sita angeweza kuwa Juzuu Amma na mkubwa wa 12 bado yuko kwenye alifu, wote mkeka mmoja, na huendelei mpaka somo la jana ulisome sawasawa. Ubaya wa chuo ulikuwepo pia, fimbo hasa, lakini kwa hili la kumweka kila mtu kwenye somo lake walishajua zamani.

Wapo watakaosema kugawa watoto kwa uwezo ni kuwabandika majina: hawa werevu, hawa wazito. Hofu hiyo ni ya kweli na nimesikia watoto wakitaniana hivyo. Ila huku kwetu Kenya lilijaribiwa. Kuanzia mwaka 2005, Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia shule za msingi 121 magharibi mwa nchi zilizoongezewa mwalimu wa darasa la kwanza. Katika 60, watoto waligawanywa kwa alama zao za mwanzo, zilizobaki waligawanywa bila kuangalia alama. Baada ya miezi 18, waliogawanywa kwa alama walifanya vizuri zaidi, walio juu na walio chini pia. Sababu iko wazi: mwalimu alifundisha watoto aliokuwa nao mbele yake. Kule India, shirika la Pratham linawapanga watoto hivyo kwa saa chache tu za siku, kwa kusoma na hesabu, halafu wanarudi darasani kwao. Wakipanda ngazi wanahamishwa kundi. Kundi si jina la mtu, ni mahali alipo wiki hii.

Hapa Kaikor nadhani tofauti ya yule kijana wa b na d na yule wa tatu ndiyo inayopotezwa zaidi. Kijana anahitaji programu ya sauti na herufi, tena yenye hadithi za umri wake, si picha za paka na mpira zitakazomwaibisha. Wa tatu akipewa programu hiyo hiyo atafaulu kila somo na hatajua kitu. Herufi anazo, amekosa lugha: kuongea, kusikiliza, maneno mapya yakielezwa kwa Kiturkana kwanza. Kipimo kinachoishia "soma kwa sauti" kitamwambia mwalimu kuwa huyu yuko sawa. Kwa hiyo lazima swali la maana liwepo, na mtoto aruhusiwe kujibu kwa Kiturkana. Yule asiyeona ubao hahitaji programu kwanza, anahitaji macho yapimwe. Na msichana wa kwanza msimrudishe kwenye silabi eti kwa sababu darasa zima liko "nyuma". Mpeni kugawanya kwake.

Kumrudisha mtoto darasa la chini si jibu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 35, imekataza kumkaririsha mtoto darasa. Basi anapanda kila mwaka, ajue asijue. Katiba nayo, kifungu cha 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, na cha 56 kinaitaka serikali iweke mipango ya kuyapa makundi yaliyotengwa nafasi maalum katika elimu. Kuketi darasani miaka sita bila kusoma haijawa elimu, hata kama rejista imejaa.

Kwa hiyo vijana, bodi ya shule ikikutana msiulize tu vitabu vimefika vingapi. Ulizeni: gredi ya nne hadi ya sita, wangapi wako kwenye herufi, wangapi kwenye neno, aya, hadithi? Nani aliwapima, lini? Walipimwa tena lini? Ni saa gani ya siku wanakaa kwa ngazi zao? Mwalimu mkuu akisema walimu ni wachache, mara nyingi ni kweli, msimgombeze. Kaikor kuna vijana waliomaliza kidato cha nne wako nyumbani, wanajua Kiturkana na Kiswahili. Kumpima mtoto mmoja kusoma ni dakika chache, na karatasi yenyewe ni moja: herufi, maneno, aya fupi, hadithi fupi na maswali mawili. Ongeeni na shule na wazazi mpate ruhusa, likizo ya Agosti mpime, majina na ngazi mumkabidhi mwalimu kabla muhula wa tatu haujafunguliwa.