Shaba inaponya samaki, inaua matumbawe

Mwezi huu tunatoka kidogo ku mambo ya mushahara na ya mashamba. Nitawasimulia habari ya mupwa wangu, mzaliwa wa Likasi, anayekaa Ubelgiji tangu 1998, na bibi yake na mtoto wao mwanamume. Kisa chenyewe kinatugusa sisi watu wa shaba, mutaona.

Huko Poto watu wengi wanafuga samaki ndani ya nyumba, katika sanduku kubwa la vioo wanaloita akwariomu. Hata samaki wetu wa ziwa Tanganyika wamefika kule. Kuko mumoja mwenye kichwa kikubwa, wanamuita mpaka leo kwa jina la Moba, na bei yake ukiisikia utaacha kula samaki. Lakini mupwa wangu alitaka maji ya chumvi, litre 300, na mtoto alitaka matumbawe.

Sisi tulio mbali na bahari tunafikiri matumbawe ni jiwe. Hapana, ni nyama. Ana kinywa, ana vidole vidogo vya kukamata chakula, na chini anajijengea mfupa mgumu wa chokaa. Ndani ya mwili wake munaishi mimea midogo isiyoonekana kwa macho. Hiyo inapika chakula kwa nguvu ya mwanga na kumgawia. Tumbawe la mtoto lilikuwa la aina inayolala juu ya mchanga, kubwa sawa ngumi, lenye rangi nyekundu na kijani. Alilinunua kwa feza zake mwenyewe, alizoweka mwaka mzima. Alikuwa na miaka 13.

Basi, Novemba 2022 samaki wakashikwa na ugonjwa wa madoa meupe, sawa vile umewanyunyizia chumvi. Baba akanunua dawa, akaimwanga ndani ya akwariomu. Dawa hiyo ni shaba. Ndiyo, shaba yetu hii, iliyoyeyushwa katika maji. Inatumiwa kidogo mno: miligramu 0,2 hivi kwa litre moja, maana yake gramu moja inatosha mapipa 25 ya litre 200. Kipimo hicho kinaua wadudu wa ugonjwa na kumwacha samaki mzima. Lakini dawa haichagui. Kamba, konokono, matumbawe, wote ni wazaifu mbele ya shaba. Ku chupa iliandikwa kwa herufi ndogo kwamba samaki watibiwe pembeni, katika chombo kingine. Mupwa wangu hakusoma. Aliniambia ku telefone: "Mjomba, mie nilikomalia mu shaba. Papa alitumika ku shaba miaka 30. Nani angenifundisha shaba?"

Siku mbili, kamba wote wamekufa. Tumbawe lilijikunja, nyama yake ikaanza kupasuka pembeni, mfupa mweupe ukaonekana. Mtoto akatazama, akamwambia baba yake: "Ni weye." Halafu akanyamaza. Hakumusemesha wiki tatu. Wenye watoto wa umri ule wanajua uzito wa nyumba ya namna hiyo.

Mama ndiye alisema: tumbawe halijafa, kwa nini munalia matanga? Wakatafuta sanduku dogo la litre 30, jipya, bila mchanga wala jiwe la kule kwa zamani, maana mawe ya chokaa na mchanga vinanywa shaba na kuitapika polepole, hata miezi baadaye. Maji nayo si ya robine tu, kwa sababu mabomba ya nyumba nyingi ni ya shaba (ona namna inavyotufuata!). Yalipaswa kuchujwa na mashini, halafu chumvi ya bahari gramu 35 kwa kila litre, joto digri 25. Waliweka na makaa ya kuchujia.

Taa waliipunguza. Mgonjwa aliyedhoofika haumwekei jua kali, na ile mimea ya ndani ilikuwa imeumia pia. Maji yatembee polepole, yasije yakararua nyama iliyobaki. Chakula, hapana kwanza: tumbawe likiwa gonjwa linatema, na kilichotemwa kinaoza. Baada ya majuma matano ndipo mtoto aliona usiku vidole vinatoka. Akampa kipande cha kamba kidogo sawa punje ya muchele, kwa bomba la sindano bila sindano. Likakimeza. Mfupa uliokuwa wazi ulishikwa na majani ya maji. Aliusugua kwa mswaki laini, bila kugusa nyama.

Na baba? Kila siku ya posho alichota maji ya zamani litre tano, akatengeneza mapya, akayapima chumvi, akayaleta karibu na mlango wa chumba cha mtoto na kuyaacha pale. Hakuingia. Juma la nne, mtoto alifungua mlango akasema: "Papa, shika taa, sioni vizuri." Mupwa wangu alinipigia telefone usiku ule ule. Nilifikiri kuna mutu amekufa.

Ilichukua miezi minne nyama ianze kupanda tena juu ya mfupa, na mwaka mzima kufunika karibu yote. Upande mumoja umebaki mtupu, sawa ukucha wa kidole gumba. Wanaojua wanasema huenda hautafunikwa. Sanduku kubwa walitupa mawe na mchanga, wakaliosha. Sasa muko maji matamu na samaki wa Moba wanne.

Mwezi uliopita mtoto alitaka kusema na mie. "Babu, shaba ya kwenu inafanana namna gani ikitoka mu udongo?" Nikamweleza juu ya malakiti, jiwe la kijani lenye mistari. Akaomba nimutumie kipande. Nyuma nikamsikia baba yake: "Mjomba, tuma! Lakini itakaa juu ya kabati, mbali na maji!" Wote wawili wakacheka. Kipande nimeshakipata, natafuta mutu anayesafiri.