Pigano la Idi Amin na Inoki: Bora halikufanyika

Kila klipu ya Antonio Inoki inapoibuka kwenye makundi yetu ya WhatsApp, maoni huwa ni yale yale. Eti mieleka ni sinema. Eti huyo Mjapani mwenye kidevu kirefu alilala chali raundi 15 akiogopa ngumi za Muhammad Ali. Watu wanacheka, wanaendelea na maisha. Mimi nimechoka na huo mjadala, kwa sababu kuna kisa cha Inoki kinachotuhusu sisi watu wa ziwa moja kwa moja, na karibu hakuna anayekitaja: mwaka 1979 jamaa alikuwa apigane na Idi Amin. Ndiyo, Amin huyo huyo. Kampala. Refa awe Ali.

Soma tena ukitaka. Sijalewa.

Kwanza tumjue mtu mwenyewe. Inoki alizaliwa Yokohama mwaka 1943. Akiwa kijana mdogo familia yake ikahamia Brazil, akafanya kazi ya sulubu kwenye mashamba ya kahawa. Huko ndiko Rikidozan, baba wa mieleka ya Japani, alimkuta akamrudisha nyumbani. Akaingia ulingoni mwaka 1960, na 1972 akaanzisha kampuni yake, New Japan Pro-Wrestling. Mieleka hiyo ni ile unayoijua: matokeo yanapangwa, maumivu hayapangwi. Lakini Inoki alikuwa na kitu kinamwasha. Alitaka dunia ikubali kwamba mwanamieleka ni mpiganaji kamili, si mwigizaji, na njia aliyochagua ni kuwaita watu wa michezo mingine waje ulingoni kwake. Februari 1976 akapambana na Willem Ruska, Mholanzi aliyeshinda dhahabu mbili za judo katika Olimpiki ya Munich. Miezi minne baadaye, Juni 26, ikawa zamu ya Ali.

Hiyo ya Ali tusiidharau. Ali alikuwa ameahidiwa dola milioni 6, na sheria zilimbana Inoki hadi mbinu zake nyingi za mieleka zikawa marufuku. Sasa ungetaka afanye nini, asimame wima apigwe usoni na bingwa wa dunia? Akalala chini akampiga mateke ya miguu usiku kucha. Ali alirusha ngumi za kuhesabu kwa vidole. Ikaamuliwa sare, mashabiki wakakasirika, wakarusha takataka. Ila aliyeenda hospitali baadaye ni Ali, miguu imevimba na damu imeganda. Leo kwenye mapigano mseto, haya tunayoyaita MMA, teke la mguu ni silaha ya kila siku. Inoki alionyesha kazi yake watu wakiwa bado wanazomea. Desemba mwaka huo huo alikwenda Karachi kupambana na Akram Pahlawan, pigano likageuka la kweli, na Akram akatoka na mkono ulioharibika.

Kwa hiyo mapema 1979 promota mmoja wa Tokyo, Yoshio Ko, alipokuja na wazo la Amin, halikuwa jambo la kumshtua Inoki. Amin mwenyewe alikuwa mpiganaji kweli. Alishika ubingwa wa ndondi Uganda kuanzia 1951 hadi 1960, enzi zile akiwa askari wa mkoloni. Na alipenda ulingo kama vile wanasiasa wetu wanavyopenda maikrofoni. Vita vya Kagera vilipoanza mwishoni mwa 1978, alitangaza kwamba yeye na Mwalimu Nyerere wamalizane kwa ngumi badala ya kuua askari, tena yeye apigane mkono mmoja ukiwa umefungwa, na refa awe, tena, Muhammad Ali. Nyerere hakuwa na muda wa hayo. Alituma jeshi. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka mikononi mwa Watanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa nao, Amin akakimbilia Libya, halafu Saudi Arabia, akafia Jeddah mwaka 2003. Pigano la Inoki likafa hapo.

Ukileta hadithi hii ufukweni huku Takawiri jioni, omena zikiwa zimeanikwa na boti za usiku zinapakia taa, kila mtu ana maoni. Wengi wanasikitika. Wanasema Inoki angemvunja Amin mkono kama alivyomfanya Akram, na sisi tungekuwa na kanda ya kutazama hadi leo. Naelewa utamu wa hiyo ndoto. Watu wa upande huu wana sababu zao. Februari 1976 Amin alisimama akadai kwamba sehemu kubwa ya magharibi mwa Kenya, na ardhi hadi karibu na Nairobi, ni ya Uganda kihistoria. Hiyo ingetumeza sisi wote, omena na mbuta zetu ndani. Na ukitaka kujua kwamba kidonda cha mpaka hakijapona, muulize mvuvi yeyote wa Migori kuhusu Migingo, kile kisiwa kidogo kama uwanja wa shule kilichotugombanisha na Uganda mwaka 2009.

Lakini mazee, hebu tufikiri. Inoki angemshinda Amin wapi? Kampala, mbele ya askari wa Amin, katika serikali ambayo makadirio yanasema watu hadi 300,000 waliuawa chini yake. Kama pigano lilikuwa la kupangwa, niambie ni nani angeingia ofisini kwa Amin kumwambia, mheshimiwa, raundi ya tano wewe utaanguka. Na kama lilikuwa la kweli, niambie ni refa gani, hata akiwa Ali, angemhesabia rais huyo hadi kumi. Njia zote mbili, Amin anashinda. Hata akipigwa anashinda, kwa sababu siku inayofuata magazeti ya dunia nzima yangekuwa na picha ya rais mcheshi mwenye kifua kipana akikumbatiana na mastaa, na si picha ya maiti za Mto Nile.

Hili si wazo langu la kubuni. Lilishafanyika jirani. Mwaka 1974 Mobutu alilipa mamilioni ya dola ili Ali na Foreman wapigane Kinshasa, na mpaka leo ukitaja Zaire ya mwaka ule, mtu anakumbuka ngumi za Ali kwanza. Mobutu alinunua kumbukumbu yetu, na bei haikuwa mbaya. Sasa hivi nchi zenye pesa za mafuta zinanunua ndondi, kandanda na mieleka kwa fomula ile ile, tena hawahitaji rais avue shati.

Inoki mwenyewe alikuwa na udhaifu huo hadi uzeeni. Alikuwa mbunge Japani, na mwaka 1990 alikwenda Iraki kwa Saddam, akafanya tamasha la michezo, na Wajapani waliokuwa wamezuiliwa huko wakaachiliwa. Hiyo nampa heko, watu walirudi kwa familia zao. Mwaka 1995 alipeleka mieleka Pyongyang akapambana na Ric Flair mbele ya umati mkubwa ajabu. Hapo sina uhakika wa kumpa heko. Ule umati haukukata tiketi kwa hiari yake, hilo nina uhakika nalo.

Ila kinachoniudhi zaidi kuhusu Inoki si marais. Ni vijana wake.

Alistaafu Aprili 1998, Ali akiwa pale Tokyo Dome kumuaga. Muda huo MMA ilikuwa inawaka moto Japani, na mashabiki walikuwa wanauliza swali la zamani: wanamieleka ni wapiganaji kweli? Inoki alitaka kulijibu tena, safari hii kwa miili ya watu wengine. Kulikuwa na shoo ya mkesha wa mwaka mpya iliyoitwa Inoki Bom-Ba-Ye. Hilo jina limetoka kwetu, Afrika. Ni ile kelele ya Kilingala watu wa Kinshasa walikuwa wanampigia Ali, "boma ye", yaani muue. Ikavuka bahari ikawa wimbo wa kumwingiza Inoki ulingoni, halafu jina la biashara. Desemba 31, 2001 wakamtia Yuji Nagata, mwanamieleka safi kabisa, kwenye ulingo mmoja na Mirko Cro Cop, mtu wa mateke ya kichwa. Sekunde 21. Teke moja la kichwa, kazi kwisha. Miezi michache baadaye Nagata akawa bingwa mkuu wa New Japan na akatetea mkanda mara kumi, yaani alikuwa hodari kwenye kazi yake. Lakini Desemba 31, 2003 wakampeleka tena, sasa kwa Fedor Emelianenko, mtu aliyekuwa tishio la uzani wa juu duniani nzima. Dakika moja na sekunde mbili.

Mtu akisema Nagata alikuwa mwoga au mwigizaji, nitabishana naye hadi bando iishe. Huyo ni mfanyakazi aliyetumwa na mdosi kwenye kazi ambayo hakuandaliwa, ili mdosi athibitishe hoja yake.

Linganisha na Kazushi Sakuraba. Naye alitoka kwenye mieleka, lakini MMA aliifanya kazi yake, akaisomea, akaizoea. Mei 1, 2000 alipambana na Royce Gracie wa ile familia ya Wabrazili iliyojiona haishindiki. Raundi za dakika 15, na zikafika sita. Dakika 90, bana! Kona ya Gracie ikarusha taulo. Baadaye Sakuraba naye alipigwa vibaya na Wanderlei Silva, tena mara tatu, na mwili wake ulilipa. Lakini alikuwa anapigana vita vyake. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili nikaingia kwenye kuandika, kwa hiyo watu wanaohama ulingo katikati ya safari nawapenda sana. Kuhama mwenyewe ni kitu kimoja. Kuhamishwa ili mtu mwingine avune ni kitu kingine.

Na hapa ndipo napata wasiwasi na sisi. Vijana wa visiwani wana miili. Ukivuta nyavu na kupiga kasia tangu darasa la tano, mgongo wako si wa mchezo, na olengo, mieleka yetu ya Wajaluo, bado inachezwa kwenye tamasha na sherehe. Siku hizi mtu mwenye wafuasi wengi mtandaoni anaweza kuandaa pigano Nairobi kwa wiki chache, na atakayetafutwa kujaza ulingo ni kijana mwenye kifua na asiye na ajira. Atapewa nauli, glavu, na jina la kutisha. Nani amempima kichwa? Daktari yuko kando ya ulingo au ni rafiki wa promota mwenye chupa ya maji? Kandarasi imeandikwa, au ni ujumbe wa simu?

Conjestina Achieng, binti wa Siaya, mwaka 2004 alitambuliwa kama mwanamke wa kwanza Mwafrika kushika taji la kimataifa la ndondi. Nchi nzima ilijigamba naye. Alipougua, kwa miaka mingi matibabu yake yakawa jambo la harambee na wasamaria wema. Waliouza tiketi za mapigano yake sijawaona wakipitisha kofia.

Kwa hiyo kijana akija kuniuliza kama aende apigane, sitamwambia asiende. Nitamwambia aende na karatasi iliyosainiwa, iliyo na kiasi cha pesa, bima ya hospitali na jina la daktari, na aache nakala kwa mama yake huku nyumbani. Promota akinuna, basi ameshajibu.

Na nyinyi wa "mieleka ni sinema", tukutane hapo chini kwenye maoni. Ila kwanza mkaitazame ile ya dakika 90, yote, bila kuruka.