Mchezaji Naye ni Mfanyakazi

Wako watu wadhanio kwamba chama cha wafanyakazi ni jambo la makuli wa bandarini, watu wa reli na vibarua wa mashamba tu. Mwalimu akidai mshahara huambiwa kazi yake ni wito. Muuguzi akidai huambiwa awahurumie wagonjwa. Na mchezaji akidai huchekwa kabisa: "Wewe unacheza, tena unataka ulipwe nini?" Leo twataka kuijibu dharau hiyo, na jibu letu tunalitoa mbali, katika viwanja vya mpira wa kikapu vya Marekani, kwenye kazi ya binti wa wazazi wa Kinigeria aitwaye Nneka Ogwumike.

Hatumtaji kwa sababu ya kurusha mpira tu, ingawa sifa hiyo anayo tele. Twamtaja kwa kuwa alipofika juu hakuivuta ngazi. Aliishikilia, ili wenzake nao wapande.

Bibi Ogwumike alizaliwa katika jimbo la Texas tarehe 2 Julai, 1990, mkubwa wa mabinti wanne. Jina lake ni la Kiigbo, na maana yake ni kwamba mama ni mkuu. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Stanford, akapata shahada ya saikolojia. Kila mwaka timu za ligi ya wanawake ya kulipwa, iitwayo WNBA, huchagua kwa zamu wachezaji wapya, na mwaka 2012 yeye ndiye aliyechaguliwa wa kwanza kuliko wote, akaenda kuchezea Los Angeles Sparks. Miaka miwili baadaye, mdogo wake Chiney naye akachaguliwa wa kwanza, na Connecticut Sun. Nyumba moja ikatoa wawili.

Mwaka 2016 ulikuwa mwaka wake. Alitajwa mchezaji bora wa ligi nzima. Fainali za mwaka huo zilifika mchezo wa tano na wa mwisho, Los Angeles na Minnesota wakiwa nguvu sawa. Zilipobaki sekunde 3 tu, Bibi Ogwumike aliudaka mpira uliorudi, akaurusha tena, ukaingia. Los Angeles wakashinda kwa 77 kwa 76.

Mtu mwingine angeridhika na kikombe. Lakini mwaka huo huo wachezaji wenzake walimchagua awe rais wa chama chao cha wafanyakazi. Hapo ndipo hadithi inayotuhusu sisi inapoanza.

Yafaa msomaji ajue hali ya wachezaji hao ilikuwaje. Ligi yao ilianzishwa mwaka 1996 na ikaanza michezo mwaka 1997. Msimu wake ni wa miezi michache ya kiangazi. Hata kufikia mwaka 2019, mchezaji wa daraja la juu kabisa alikuwa akipata mshahara wa ligi usiozidi dola 120,000 hivi kwa mwaka. Sisi twaweza kusema hizo ni fedha nyingi. Lakini haki haipimwi kwa umaskini wa anayetazama. Hupimwa kwa thamani ya kazi, na kwa kile wanachopata wengine wafanyao kazi ile ile. Wanaume wa ligi ya NBA wamekwisha patana na wenye timu kwamba karibu nusu ya mapato ya mchezo ni yao. Wanawake hawakudai walipwe mamilioni ya wanaume. Walidai kanuni ile ile: anayeuleta umati uwanjani apate fungu lake la haki katika kile ambacho umati umelipa.

Kwa kuwa mshahara haukutosha, wengi wao walikuwa hawapumziki. Msimu ukiisha Marekani walipanda ndege kwenda Urusi, Uturuki, China au Poland kucheza msimu mwingine, na mwili ule ule ukafanya kazi mwaka mzima. Bibi Ogwumike mwenyewe alicheza Poland, China na Urusi. Mwaka 2015 Diana Taurasi, mmoja wa wachezaji hodari wa zama hizi, aliuacha msimu mzima wa Marekani kwa sababu timu yake ya Urusi, iliyokuwa ikimlipa mara nyingi zaidi, ilimlipa apumzike. Fikirini jambo hilo! Nchi tajiri kuliko zote, na hodari wake analipwa na wageni ili asicheze kwao.

Safari nazo zilikuwa mateso. Wachezaji walikuwa wakipanda ndege za abiria kama mtu yeyote, na ndege ikichelewa nao huchelewa. Mwezi Agosti, 1918 haukuwa, bali ni juzi tu, mwaka 2018, timu ya Las Vegas ilikaa njiani zaidi ya saa 24 ikienda Washington, watu wakilala kwenye viti vya uwanja wa ndege. Walipofika walisema miili yao haiwezi kucheza bila kuumia. Ligi ikaamua kwamba wameshindwa mchezo huo.

Wenye mali walijibu kama wanavyojibu siku zote: biashara haina faida, subirini. Hatusemi kwamba neno hilo ni uongo kila linaposemwa. Ziko biashara zinazokula hasara kweli. Lakini mfanyakazi anayeambiwa asubiri kwa sababu ya hesabu, ana haki ya kuonyeshwa hesabu hizo. Na hilo ndilo walilolidai. Mwezi Novemba, 2018, chini ya uongozi wa Bibi Ogwumike, chama kilitangaza kwamba kitajitoa katika mkataba wa zamani kabla ya wakati wake. Rais mwenyewe aliandika makala akaeleza sababu zake mbele ya watu wote, na miongoni mwake ilikuwa hii: wachezaji wajue ukweli wa hali ya biashara, ndipo waweze kukata shauri pamoja na wenye timu kama watu wazima.

Mazungumzo yalichukua zaidi ya mwaka. Mwezi Januari, 2020, mkataba mpya ukatangazwa. Mshahara wa juu ulipanda hadi dola 215,000. Wastani wa malipo ya mchezaji ukavuka dola 100,000 kwa mara ya kwanza. Kila mchezaji akapata chumba chake hotelini na kiti chenye nafasi zaidi katika ndege. Na jambo ambalo sisi twalihesabu kuwa kubwa kuliko yote: mchezaji akijifungua, analipwa mshahara wake wote, na mwenye mtoto anapewa nyumba ya vyumba viwili na fedha za kusaidia malezi. Zamani uzazi ulikuwa ukimpunguzia mwanamke ujira wake.

Hawakupata kila kitu, wala hawakutoa bure. Wao nao walikubali masharti ya kuwabana wale wanaochelewa kurudi kutoka timu za ng'ambo. Mapatano ndivyo yalivyo: unatoa, unapewa. Lakini anayekwenda mezani peke yake hutoa tu.

Ndugu zetu wengine husema wachezaji wasiingie katika siasa. Basi na wasikilize yaliyotokea miezi michache tu baada ya mkataba ule. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, ligi nzima ilikusanywa mahali pamoja huko Florida. Wachezaji, ambao wengi wao ni watu weusi, waliutoa msimu wao kuwa ukumbusho wa Breonna Taylor, mwanamke mweusi aliyeuawa na polisi nyumbani kwake katika mji wa Louisville. Kelly Loeffler, aliyekuwa seneta wa Georgia na mmoja wa wenye timu ya Atlanta Dream, akapinga hadharani jambo hilo. Hawakumtukana. Walizungumza na mmoja wa wapinzani wake katika uchaguzi, mchungaji Raphael Warnock, wakampima msimamo wake, kisha mwezi Agosti wakaingia uwanjani wamevaa fulana za kumwombea kura. Sue Bird, mchezaji mkongwe, ndiye anayetajwa kuwa alitoa shauri hilo, lakini nguvu yake ilitoka katika kuvaa wote. Januari 5, 2021, Warnock alishinda, akawa seneta wa kwanza mweusi wa Georgia. Mwezi Februari timu ikauzwa, na miongoni mwa walioinunua alikuwamo Renee Montgomery, aliyekuwa mchezaji wa timu hiyo hiyo. Mwajiri aliyewaambia wanyamaze akatoka, na mfanyakazi akaingia mlangoni kama mwenye mali. Kura ni silaha isiyotoa damu, lakini haifai kwa mtu anayeiweka kabatini.

Tusije tukaandika kana kwamba mtu huyu hushinda kila shauri. Mwaka 2021 hakuteuliwa katika timu ya Marekani ya Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Akataka kuichezea Nigeria, nchi ya wazazi wake, na Nigeria ilimtaka. Shirikisho la mpira wa kikapu la dunia lilikataa, likisema ameichezea Marekani kwa miaka mingi mno. Alikata rufaa pamoja na mwenzake Elizabeth Williams, wasifanikiwe. Sheria ni sheria, na hatusemi kila mtu abadili bendera apendavyo. Lakini twauliza: mtoto wa Afrika anapotaka kurudisha nguvu zake nyumbani, kwa nini mlango uwe mwembamba hivyo, hali nchi zenye fedha hazikosi njia ya kuwapata vijana wetu? Vyama vyetu vya michezo vina wajibu wa kuliuliza swali hili katika mikutano ya dunia, wala si kwenda huko kupiga makofi tu.

Pia wasidhani wasomaji wetu kwamba mkataba mmoja huondoa dhuluma yote. Mwezi Februari, 2022, Brittney Griner, mwingine katika wale waliokuwa wakienda Urusi kutafuta ujira wa kutosha, alikamatwa kwenye uwanja wa ndege karibu na Moscow kwa kosa la mafuta ya bangi. Alihukumiwa miaka tisa, akaachiliwa Desemba mwaka huo kwa kubadilishana wafungwa. Kosa lake aliamuliwa na mahakama ya huko. Lakini kilichompeleka mbali na kwao mwaka baada ya mwaka ni mshahara, na mshahara ni jambo la mkataba.

Kwa hiyo chama hakikulala. Mwaka 2024, ligi ilipopata mapatano ya televisheni ya dola bilioni 2.2 kwa miaka 11, na baada ya ndege za kukodi za timu kupatikana hatimaye, wachezaji hawakusema "asante, tumeshiba." Mwezi Oktoba mwaka huo walitangaza tena kujitoa katika mkataba, na aliyewaongoza ni yule yule Bibi Ogwumike, wakati huo akichezea Seattle Storm. Neno lao lilikuwa rahisi: mlisema hamna, sasa mnacho, tukae tena mezani.

Sisi twaona mafunzo matatu. La kwanza, mwenye mshahara mkubwa ndiye anayepaswa kutangulia mbele, maana yeye si rahisi kufukuzwa. Bibi Ogwumike angeweza kujipatia yake na kunyamaza. La pili, dai lisilo na hesabu ni kelele. Someni mikataba yenu kabla ya kutia sahihi, na dai lolote liende na karatasi. La tatu, haki ya uzazi si zawadi ya kuwafurahisha akina mama. Ni sehemu ya ujira, na chama chochote kinachoiweka mwisho wa orodha kimewasahau nusu ya watu wake.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Hivyo, mwanachama uliyeacha kulipa ada kwa kuwa mwezi huu hukuona faida, kalipe. Dada uliyeambiwa mkutano si mahali pako, nenda ukakae kiti cha mbele. Na wewe kijana unayecheza kwa jasho huku mwingine akihesabu viingilio mlangoni, uliza kwa adabu, na mwenzako kando yako: fedha hizo zinakwenda wapi?